Mwongozo kamili: Wiki 12 za kunoa akili ya mzazi aliyevuka miaka 60

Swali linaloongoza kurudi kwangu ni hili: "Nimemnunulia mama kitabu cha mafumbo, kakifungua mara mbili, sasa kiko juu ya kabati. Nifanyeje?" Wengine wamempakulia mzee michezo ya simu. Wengine wamenunua vidonge vya kumbukumbu. Ikifika wiki ya pili, kila kitu kimelala.

Kosa haliko kwa mzee, liko kwenye mpangilio. Mtu anaanza na mafumbo wakati masikio ya mzee yameziba kwa nta, presha iko juu, na dawa anazomeza zinamsinzisha mchana kutwa. Kosa jingine ni kumpima mama aliyeishia darasa la pili kwa mizani ya mwalimu mstaafu, kisha kukata tamaa mapema.

Hapa tunaanza na mwili, somo linafuata, na mzee analinganishwa na yeye mwenyewe tu. Mwongozo unamfaa anayeishi na mzazi Dar es Salaam, au anayefika kwake angalau mara tatu kwa wiki. Kama wewe uko mkoani na unapiga simu tu, tafuta kwanza wa kushika daftari pale nyumbani. Kwa simu pekee haiendi.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari moja na kalamu. Usitumie karatasi mojamoja, zitafungiwa maandazi.
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Kama mkono wa mzee ni mnene, omba mkanda mpana, maana mkanda mwembamba hutoa namba kubwa kuliko ukweli.
- Mfuko wa kutia dawa zote zilizomo ndani ya nyumba, za hospitali, za duka la dawa na za miti shamba.
- Kiberiti.
- Viatu vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili hazihesabiki.
- Kijiko cha chai, cha kupimia chumvi.
- Mtu wa pili: jirani, shoga yake, au mjukuu mwenye subira. Kazi yake iko kwenye hatua ya 5.

Vidonge na maji ya "kuongeza kumbukumbu" viache dukani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema wazi kwamba vitamini B, vitamini E na mafuta ya samaki ya vidonge visipendekezwe kwa ajili ya kupunguza hatari ya akili kudhoofika. Aliyepimwa akakutwa na upungufu, huyo ana maelezo ya daktari wake.

## Dalili ambazo hazingoji wiki 12

Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakigongana ghafla, huo ni kiharusi mpaka daktari akanushe. Tafuta gari sasa hivi.

Mzee aliyekuwa sawa jana na leo hajui aliko, mara nyingi ana kitu kinachotibika: mkojo mchafu, malaria, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji au dawa mpya. Usiseme "ni uzee". Uzee haumvamii mtu kati ya Jumatano na Alhamisi.

Na kama alianguka akagonga kichwa wiki chache zilizopita, kisha akaanza kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kawaida, mpeleke hospitali hata kama kidonda kimeshapona. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

## Elimu inafanya kazi gani hasa

Nitaisema kwa kifupi, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapojihukumu.

Waliosoma miaka mingi huingia uzeeni na akiba kubwa zaidi: alama zao za kumbukumbu, lugha na hesabu ziko juu. Lakini wanasaikolojia waliopitia tafiti nyingi, katika mapitio yaliyochapishwa 2020, waliona kwamba kasi ya kushuka haitofautiani sana kati ya aliyesoma sana na aliyesoma kidogo. Kinachotofautiana ni pa kuanzia. Aliyeanza juu anachelewa kufika pale ambapo mambo ya kila siku yanamshinda.

Jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilitoa orodha ya mambo 14 mwaka 2024, likakadiria kwamba yangeshughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau vingezuilika au vingecheleweshwa. Elimu ndogo ni mojawapo, na hatuwezi kurudi 1962 tukamwandikishe bibi shule. Mengine 13 ni usikivu hafifu, macho yasiyotibiwa, presha, kisukari, lehemu mbaya, unene, kukaa bila kujishughulisha, sigara, pombe nyingi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke na hewa chafu. Karibu yote unaweza kuyagusa ukiwa nyumbani au zahanati.

Halafu usiharakishe kumwita mtu hajasoma. Wazee wengi walipita kwenye kisomo cha miaka ya 1970. Wengine wamehitimu juzuu zote 30 na wanasoma herufi za Kiarabu bila kukwama. Hiyo nayo ni akiba.

## Hatua ya 1: Andika anapoanzia (wiki ya 1)

Bila rekodi, wiki ya 12 utabaki unakisia. Chagua asubuhi, baada ya chai, redio imezimwa. Tumia lugha anayofikiria nayo. Kama mama ni wa Newala na hesabu zake anazifanya kwa Kimakonde, ataje kwa Kimakonde.

Usimchoreshe uso wa saa. Jaribio hilo linawapendelea waliozoea kalamu. Asiye na mazoea ya penseli ataharibu akiwa mzima kabisa. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kisichohitaji kusoma wala kuandika, na njiti za kiberiti zimo ndani yake. Kwa kufuata wazo lao, fanya haya:

1. Ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Andika idadi. Aliyerudiwa hahesabiwi.
2. Msomee vitu kumi vya sokoni, mara tatu, na kila mara arudie anavyovikumbuka. Pigeni soga dakika tano, kisha muulize tena. Andika alivyokumbuka mara ya mwisho.
3. Leo ni siku gani? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni nani?
4. Panga njiti nne ziwe umbo, vichwa vikielekea pande tofauti. Aliangalie, livuruge, alipange upya.

Ukurasa wa pili andika mambo matatu ya maisha: je, anahesabu chenji ya genge bila kusaidiwa? Anameza dawa bila kukumbushwa? Anarudi peke yake kutoka msikitini, kanisani au sokoni? Mimi naamini zaidi ukurasa huu wa pili kuliko ule wa kwanza.

Tahadhari: hii ni kumbukumbu yenu, haitoi jina la ugonjwa. Na usiifanye mbele ya wajukuu. Mtoto akishapiga kelele "babu kakosa!", hutampata tena kwenye kiti hicho.

Umefanikiwa ukiwa na kurasa mbili zenye tarehe, na mzee amenyanyuka bila kinyongo.

## Hatua ya 2: Masikio na macho (wiki ya 1 na ya 2)

Asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu. Ukweli ni kwamba hakusahau, hakulipata neno tangu mwanzo. Kisha anachoka kuuliza "umesemaje?", anaanza kuitikia tu, halafu anajitenga.

Jaribu hivi. Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako. Azibe sikio moja kwa kidole na akisuguesugue. Toa pumzi yote, kisha nong'ona mchanganyiko wa tarakimu na silabi, mfano "nne, ka, tisa". Akirudia vyote vitatu, sikio hilo linaridhisha. Akikosea, mpe vingine vitatu. Asipopata angalau vitatu kati ya sita, sikio hilo likapimwe. Fanya na la pili, kwa mchanganyiko mwingine.

Kabla ya kuwaza mashine ya kusikia, mwambie mhudumu aangalie nta. Nta tu huweza kumziba mtu kwa miaka, na kuitoa ni kazi ya muda mfupi kwa anayeijua. Njiti za pamba usitumie, zinaisukuma ndani zaidi.

Mashine ya kusikia inasaidia akili? Utafiti wa Marekani uliotolewa 2023 ulifuata watu wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa kundi zima hakukuwa na tofauti. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kushuka kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Kwa hiyo mzee mwenye presha, sukari na upweke kwa pamoja ndiye wa kuharakishiwa.

Kwa macho kuna matatizo mawili makuu. Kama anasogeza karatasi mbali ili aone, anahitaji miwani ya kusomea. Kama anaona ukungu na taa za magari zinamtawanyikia usiku, huenda ni mtoto wa jicho, na huo hutolewa kwa upasuaji. Wenye kisukari wapimwe macho kila mwaka hata wakisema wanaona vizuri.

Ukifika hospitali ya serikali ulizia utaratibu wa wazee wa miaka 60 na zaidi, ikiwemo dirisha lao na msamaha kwa wasio na uwezo. Beba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa.

## Hatua ya 3: Presha, sukari na ule mfuko wa dawa (wiki ya 2 na ya 3)

Hatua hii watu wanairuka kwa sababu haionekani kama kazi ya akili. Mimi nikiambiwa nibakize moja tu katika mwongozo mzima, nitabakiza hii. Presha ya juu inaharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya. Mwaka 2019 kulitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani wenye watu zaidi ya 9,000: waliotibiwa ili namba ya juu ishuke chini ya 120 walipata dalili za awali za akili kudhoofika kwa uchache kuliko waliolenga chini ya 140.

Kupima. Mzee aende haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee, nawe usimwongeleshe. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Asubuhi na jioni, siku saba. Futa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukiwa 135/85 au zaidi, nendeni kliniki na daftari.

Pima pia akisimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akisikia kizunguzungu, mwambie daktari kabla hajaongeza dozi yoyote. Mzee anayeanguka bafuni hajasaidiwa na namba nzuri.

Tahadhari kubwa: usikimbize hiyo 120 wewe mwenyewe kwa kumwongezea kidonge. Na asiache dawa kwa kuwa "presha imekaa sawa". Imekaa sawa kwa sababu anazimeza. Mwenye kufunga Ramadhani aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama ili dozi zipangwe upya.

Sukari ipimwe asubuhi kabla ya kula chochote. Anayetumia metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka mingi aulizie kipimo cha vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake huleta usahaulifu na ganzi miguuni.

Mfuko wa dawa. Mwaga vyote mezani, panga paketi moja moja, soma maandishi madogo chini ya jina la biashara, ndiyo yenye jina halisi la dawa. Hapo ndipo mambo hujitokeza. Utakuta amlodipini (dawa ya presha) ya kliniki, na pembeni yake paketi nyingine ya rangi tofauti, jina tofauti, iliyoletwa na dada wa Mwanza, na ndani ni amlodipini ileile. Mama anameza zote mbili, moja asubuhi, moja usiku, na anashangaa miguu inavimba na kichwa kizito.

Kisha tenga zile zinazoleta usingizi: vidonge vya mafua na mzio vya aina ya klorofenilamini, diazepamu, amitriptilini. Kwa mzee, dawa hizi huvuruga kumbukumbu na kusababisha kuanguka. Usizitupe na usimkatishe ghafla, hasa diazepamu, kwani kuikatisha ghafla kuna hatari yake. Zipeleke kwa daktari au mfamasia, muulize: ipi bado inahitajika, ipi ina mbadala?

Umefanikiwa ukipata orodha moja iliyoandikwa na kupitiwa na mtaalamu, na dawa zisizo kwenye orodha hazimo tena chumbani.

## Hatua ya 4: Miguu (kuanzia wiki ya 3, haina mwisho)

Shabaha ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaomfanya apumue kwa kasi lakini bado anaweza kuongea. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze.

Usianze na 150. Anza na dakika kumi, siku tano, na ongeza dakika tano kila wiki. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120: nusu yao walitembea hadi dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, na sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ikaongezeka kwa kama asilimia 2. Wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, sehemu hiyo ilipungua.

Dar ina vikwazo vyake. Saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali, kwa hiyo mtoke saa kumi na mbili na nusu. Chagua njia isiyo na mitaro iliyo wazi na isiyo ya bodaboda, hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule mara nane. Masika yakianza Machi na barabara za ndani zikawa tope, atembee kwenye korido au varanda, ukuta hadi ukuta, kwa muda uleule. Asiwe na wiki ya kupumzika kwa sababu ya mvua.

Siku tatu kati ya hizo ongeza mizani: ainuke kwenye kiti bila kutumia mikono mara tano hadi kumi, kisha asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika meza nzito. Wewe simama karibu. Klabu za jogging za mtaani zinapendeza, na nyingi zina wanaotembea nyuma, ila mzee asishindane na vijana. Maumivu ya kifua, asimame hapohapo na apelekwe kupimwa.

## Hatua ya 5: Somo jipya (wiki ya 4 hadi ya 12)

Sasa ndiyo tumefika kwenye kile ambacho watu walitaka kuanza nacho.

Somo linalofaa lina sifa tatu: ni jipya kwake, lina faida anayoitaka yeye mwenyewe, na analifanya pamoja na mtu mwingine. Kitabu cha mafumbo mara nyingi hakina hata moja. Mwaka 2014 watafiti wa Dallas walitoa matokeo ya wazee waliofundishwa kupiga picha za kidijitali au kushona matandiko ya viraka kwa miezi mitatu, wastani wa zaidi ya saa 15 kwa wiki. Kumbukumbu zao zilipanda kuliko za waliokutana kupiga soga na kufanya mambo waliyokwisha yazoea. Saa 15 ni nyingi na sitakudanganya kwamba utazifikia. Chukua saa moja kwa siku, siku tano.

Kwa hiyo mama aliyefuma vitambaa maisha yake yote, kufuma si somo kwake. Mpe kusoma ujumbe wa simu. Baba mhasibu mstaafu usimpe hesabu, mpe bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Unaanza na kete 22 mkononi, unanamua moja moja huku ukilinda nyumba yako, na ili ujue kete zitaishia wapi ni lazima uhesabu mzunguko mzima kichwani kabla ya kugusa. Kwa asiyelijua, miezi mitatu haitoshi kulimaliza.

Nitaonyesha somo moja kwa karibu, kutuma pesa kwa simu, kwa kuwa ndilo linaloombwa zaidi na ndilo wajukuu wanaloliharibu. Mjukuu anachukua simu, anabonyeza mwenyewe haraka, anasema "umeona bibi?" Bibi hajaona kitu.

Siku ya 1 na ya 2. Simu haiondoki mkononi mwa bibi. Vidole vya wazee hukandamiza na kung'ang'ania, na skrini inafungua kitu kingine. Mfundishe kugusa na kuachia, kwa kupiga namba ya mtu wa pili na kukata. Ongeza ukubwa wa maandishi.

Siku ya 3 hadi ya 5. Kuangalia salio tu. Aanze mwenyewe kila mara, kuanzia nyota. Akikwama hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusaidia. Ule ukimya wa kutafuta ndio mazoezi yenyewe.

Wiki ya pili ya somo. Atume shilingi 500 kwa mtu wa pili, naye arudishe. Kabla ya kuthibitisha asome kwa sauti jina linalojitokeza. Asiyejua kusoma atambue herufi mbili za kwanza za jina. Hapo umeshaingiza kisomo kwa mlango wa nyuma.

Wiki ya tatu. Ruka siku mbili, kisha aanze bila kukumbushwa. Kusahau kidogo na kulitafuta jibu kunashikisha zaidi kuliko kurudia mfululizo.

Tahadhari: namba ya siri haiandikwi nyuma ya simu na hatajiwi mtu, hata wewe. Mwonyeshe ujumbe wa matapeli, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mpaka ajue kuucheka.

Umefanikiwa siku utakapomsikia akimfundisha jirani, hata kwa makosa mawili matatu. Kufundisha ni somo gumu kuliko kujifunza.

## Hatua ya 6: Watu (sambamba na somo)

Kuna jambo la Dar ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mtu anafanya kazi miaka 35 akiishi Magomeni au Ilala, anastaafu, anahamia kwenye nyumba aliyojenga Chanika, Bunju au ndani ya Kigamboni. Nyumba nzuri, hewa safi, geti. Rafiki wote amewaacha umbali wa daladala tatu. Ndani ya miaka miwili watoto wanasema "mzee kawa mkimya".

Msikilizeni kabla ya kumjengea kwingine. Kama keshahama, panga siku moja ya kudumu kila wiki ya kurudi kwenye kijiwe chake cha zamani, na nauli iwe bajeti kama ilivyo LUKU. Kule alikohamia, atafutiwe jambo lenye wajibu: kushika daftari la kikoba, kwaya, darasa la baada ya swala, kamati ya mtaa. Kualikwa kukaa tu hakutoshi. Mtu akijua asipofika kuna kitu kitakwama, atafika.

Kama amekosa hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, halali, hali, anasema afadhali afe, hiyo ni sonona na inatibika. Usahaulifu wake unaweza kuwa wa sonona tu. Hapo simamisha masomo, nendeni hospitali.

## Hatua ya 7: Sufuria, jiko na kitanda

Chumvi yote ya mzee kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo ya mchuzi, ya viungo vya paketi na ya kwenye chipsi. Pima asubuhi, weka kwenye kikombe, mpishi achote humo. Kikiisha kimeisha.

Mezani pawe na matembele, mchicha au kisamvu kila siku, maharage au kunde, dagaa au samaki mara mbili tatu kwa wiki, dona badala ya sembe pale tumbo linapokubali. Sukari kwenye chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, hatagombana nawe. Sigara iachwe kabisa. Jiko la mkaa litoke nje au chini ya dirisha lililo wazi, na mama asiwe ndiye wa kulipulizia.

Usingizi wa mchana uwe nusu saa, kabla ya saa tisa. Mzee anayekoroma huku pumzi ikikatika apelekwe kupimwa.

## Hatua ya 8: Rudia vipimo (wiki ya 12)

Rudieni kurasa mbili za hatua ya 1, muda uleule wa asubuhi, lugha ileile. Badilisha vitu kumi vya sokoni na umbo la njiti, la sivyo utakuwa unapima kama anakumbuka mtihani. Wanyama wabaki walewale.

Usitegemee aruke kutoka wanyama tisa hadi ishirini. Kubaki palepale kwa miezi mitatu ni matokeo mazuri, na kuongeza wawili watatu ni ya kufurahia. Tazama zaidi ukurasa wa pili: chenji, dawa, njia ya kurudi. Tazama na presha.

Mambo yakiwa yamekaa sawa, somo la kwanza libaki kuwa matumizi ya kawaida, na wiki ya 13 achague yeye jipya. Wastani wa presha uchukuliwe wiki moja kila mwezi. Mtihani wa njiti usiurudie kabla ya miezi sita.

Kama ukurasa wa pili umeshuka licha ya yote, mfano anapotea njia aliyoizoea, anameza dawa mara mbili, anauliza swali moja mara tano ndani ya saa moja, mpeleke hospitali ya rufaa. Beba daftari, orodha ya dawa na mtu anayeishi naye. Daktari atahitaji kujua ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, na nini alichoweza mwaka jana ambacho sasa hakiwezi. Omba vipimo vya tezi ya shingo, B12, kaswende na VVU kama havijafanywa, maana vyote vinne huweza kujificha nyuma ya usahaulifu na vyote vina matibabu. Mwambie daktari pia kwamba mzee amesoma hadi wapi na anaongea lugha gani nyumbani, kabla hajampa karatasi achore saa.